Kutaja Vyanzo vya Mpala: Kumbukumbu za Kuandaa Mswada wa Jarida

Orodha ya marejeo, yaani ile sehemu ya mwisho ya makala ya kitaaluma inayotaja kwa utaratibu maalumu vitabu, nyaraka na masimulizi ambavyo mwandishi amevitumia, huandaliwa na waandishi wengi wakati nguvu zimekwisha na siku ya kuwasilisha mswada imekaribia, ilhali wahariri wazoefu huifungua mapema, kwa kuwa kurasa hizo chache zinatosha kuwaonyesha mwandishi amesoma nini, ameruka nini na ana desturi gani ya kushughulikia mali ya wenzake. Kwa anayeandika kuhusu jiji lenye maktaba na hifadhi zake, kazi hiyo inadai uvumilivu tu; kwa anayeandika kuhusu Mpala, kijiji cha ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kalemie, kazi hiyo ni sehemu ya utafiti wenyewe, kwa sababu vyanzo vya historia ya mahali hapo vimetawanyika Roma, Tervuren, Brussels, Lubumbashi na katika kumbukumbu za wazee, na hakuna mwongozo mmoja wa uandishi uliotungwa kwa kuvifikiria vyote kwa pamoja. Kumbukumbu hizi zinahusu maandalizi ya mswada mmoja wa historia ya Mpala uliokusudiwa jarida la kitaaluma, na mafunzo aliyoyapata mwandishi wake alipolazimika kuamua, chanzo kwa chanzo, kitajwe namna gani.

Ni vyema kwanza msomaji afahamu kwa nini vyanzo hivyo vilitawanyika. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyetumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika lililoasisiwa na Mfalme Leopold II mwaka 1876, alivuka ziwa kutoka Karema, upande ambao leo ni Tanzania, akaanzisha kituo katika nchi ya Watabwa, nacho kikachukua jina la chifu Mpala. Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia na kumuua chifu Lusinga, ambaye fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji pamoja na sanamu yake ya ukoo, na mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe. Kutokana na mfuatano huo, barua na madaftari ya Storms yako leo katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, shajara za mapadri ziko katika hifadhi kuu ya shirika lao huko Roma, na watu walioshuhudia mambo hayo waliwasimulia watoto wao, nao wakawasimulia wajukuu. Mtafiti anayekaa Kalemie anaweza kufika Mpala kwa boti na kuzungumza na wazee, lakini karatasi zilizoandikwa hapohapo Mpala anazipata kwa barua pepe, kwa nakala za picha, au ndani ya vitabu vya watu waliobahatika kusafiri.

Mitindo ya kutaja vyanzo inayotumiwa na majarida ni mingi, lakini inaweza kugawanywa katika mikondo mitatu. Mkondo wa kwanza ni wa mwandishi na mwaka, ambao huweka katika mabano ndani ya matini jina la mwandishi, mwaka wa kuchapishwa na ukurasa, kisha maelezo kamili yakafuata mwishoni kwa mpangilio wa alfabeti. Asili yake huhusishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1881 aliutumia katika makala kuhusu aina ya konokono uchi, na baadaye Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kiliuingiza katika mwongozo wake, ulioanza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba na ambao toleo lake la saba lilitoka mwaka 2019. Mkondo wa pili ni wa namba, ambapo kila chanzo hupewa namba kwa kufuata zamu yake ya kutajwa, na mtindo wake unaojulikana zaidi ulichukua jina la mji wa Vancouver, Kanada, ambako wahariri wa majarida ya tiba walikutana mwaka 1978; watafiti wa kipindupindu, ugonjwa ambao Kalemie imeufahamu kwa muda mrefu, huandika kwa mtindo huo. Mkondo wa tatu ni wa tanbihi, yaani maelezo yanayowekwa chini ya ukurasa au mwishoni mwa sura, nao umependwa na wanahistoria kwa sababu unampa mwandishi nafasi ya kueleza chanzo na hali yake, jambo ambalo mabano mafupi hayaruhusu. Mwongozo wa Chuo Kikuu cha Chicago, uliochapishwa kwanza mwaka 1906, unakubali tanbihi na pia mtindo wa mwandishi na mwaka.

Uchaguzi kati ya mikondo hiyo si wa mwandishi. Kila jarida huwa na mwongozo kwa waandishi, na mhariri ana haki ya kurudisha mswada ambao haukuufuata hata kabla ya kuupeleka kwa wahakiki, yaani wataalamu wa fani wanaousoma bila kujulikana na kutoa maoni kama uchapishwe. Mswada unaozungumziwa hapa uliandikwa awali kwa tanbihi, ukapelekwa kwa jarida lililotaka mwandishi na mwaka, na wakati wa kuugeuza ndipo ilipobainika kwamba ugumu wa kazi hauko katika nukta na mkato, bali katika taarifa ambazo tanbihi ilikuwa imezibeba kwa maneno ya kawaida na ambazo mtindo mpya haukuzipa nafasi. Tanbihi iliweza kusema kwamba barua fulani haina tarehe lakini imewekwa kati ya barua mbili zenye tarehe. Mabano yalitaka mwaka, na kama hakuna, yaandikwe kwamba hakuna tarehe. Fundisho lililotokana na hali hiyo ni la kivitendo: mtafiti aweke tangu siku ya kwanza kumbukumbu kamili ya kila chanzo, yenye jina lote la mwandishi, kichwa chote, mahali, mchapishaji, mwaka, juzuu, toleo, kurasa, lugha, mahali chanzo kilipoonekana na siku kilipoonekana, hata kama jarida analolilenga halitaki nusu ya mambo hayo, kwa maana kupunguza taarifa kunachukua dakika, lakini kuitafuta upya taarifa iliyoachwa Roma kunaweza kuchukua mwaka mzima.

Mfano mmoja unafaa kutazamwa kwa karibu, na wenyewe unatoka Mpala. Stefano Kaoze, Mtabwa aliyesoma katika seminari ya wamisionari iliyokuwa Mpala na ambaye mwaka 1917 alipewa upadri huko Baudouinville, leo Moba, akawa padri wa kwanza Mkongo wa zama za ukoloni, alichapisha mwaka 1910, akiwa bado mseminari, makala yenye kichwa "La psychologie des Bantu" katika jarida la Ubelgiji lililoitwa La Revue congolaise, na sehemu yake nyingine ikatoka mwaka uliofuata. Makala hiyo huhesabiwa miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Mkongo kuchapishwa kwa Kifaransa katika jarida la kitaalamu. Kwa mtindo wa mwandishi na mwaka, rejeo lake huanza na jina la ukoo, Kaoze, likifuatiwa na mkato, jina la kwanza au herufi yake, kisha mwaka 1910, kichwa cha makala katika alama za mtajo, jina la jarida kwa herufi za mlalo, namba ya juzuu na kurasa. Kila kipande cha mstari huo kina sababu yake: jina la ukoo hutangulia ili orodha iweze kupangwa, mwaka husogezwa mbele ili msomaji ajue mara moja kwamba anasoma maneno ya mwaka 1910 na si ya leo, alama za mtajo zinamwambia kwamba hicho ni kipande ndani ya kitu kikubwa zaidi, na herufi za mlalo zinamwonyesha kitu hicho kikubwa ambacho maktaba hukihifadhi na kukiorodhesha.

Hata hivyo mstari huo mfupi una mahali pa kujikwaa. Kwa kuwa makala ilitoka katika miaka miwili, mwandishi anayeandika 1910 peke yake humpeleka msomaji kwenye nusu ya kwanza tu, na anayenukuu maneno ya nusu ya pili kwa mwaka wa nusu ya kwanza humfanya msomaji atafute kitu ambacho hakipo katika juzuu alilolifungua. Jina la Kaoze nalo limeandikwa kwa namna tofauti na waandishi tofauti, baadhi wakiliandika Stefano, wengine Stephano, na wengine wakitanguliza cheo cha upadri kama kwamba ni sehemu ya jina. Kanuni inayofaa ni kwamba vyeo havina nafasi katika rejeo, kwa kuwa orodha inayomwita mmoja Padri na mwingine Profesa huanza kupanga watu kwa heshima badala ya kuwapanga kwa herufi, na kwamba tahajia inayofuatwa ni ile iliyochapwa katika chanzo chenyewe, huku tahajia nyingine ikiongezwa katika mabano pale tu ambapo bila hiyo msomaji angedhani ni watu wawili. Suala hilo lina uzito wake, kwa sababu mitambo inayohesabu mara ngapi mwandishi ametajwa haina namna ya kujua kwamba tahajia mbili ni mtu mmoja, na hivyo mwandishi wa Mpala wa mwaka 1910 anaweza kugawanywa vipande na kuonekana mdogo kuliko alivyo.

Majina ya Wakongo kwa jumla yanahitaji uangalifu zaidi ya majina ya Wazungu ambayo miongozo iliyafikiria. Katika Kongo jina la mtu kwa kawaida lina sehemu tatu, yaani jina, jina la pili linalolifuata, na jina la ubatizo au la kigeni ambalo mara nyingi huwekwa mwisho, kwa hiyo programu iliyofundishwa kwamba neno la mwisho ndilo la ukoo humpanga mtu chini ya jina lake la ubatizo. Mwanahistoria Isidore Ndaywel è Nziem, mwandishi wa kitabu kikubwa cha historia ya Kongo kilichotoka mwaka 1998, anapaswa kupangwa chini ya N ya Ndaywel; anayemwandika Nziem amefuata kanuni ya mtambo na kumpoteza mwandishi. Miaka ya mwanzo ya 1970, chini ya siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu, raia walitakiwa kuacha majina ya kigeni, na hivyo mwandishi mmoja anaweza kuwa na vitabu vya kabla na baada ya hapo chini ya majina mawili. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, alijiita Vumbi Yoka Mudimbe, na kwa kuwa herufi za mwanzo hazikubadilika, mtindo unaotaka herufi tu humwacha salama kama V. Y. Mudimbe, lakini wengi hawakuwa na bahati hiyo ya herufi, na kwao mtafiti analazimika kuhifadhi jina kama lilivyochapwa katika kila kazi na kuunganisha kazi hizo kwa maelezo mafupi.

Kilicho kweli kuhusu majina ya watu ni kweli pia kuhusu majina ya mahali. Katika maisha ya mzee mmoja, Kalemie iliitwa Albertville, Lubumbashi iliitwa Elisabethville, Moba iliitwa Baudouinville, nchi iliitwa Kongo ya Ubelgiji, kisha Kongo, kisha Zaire kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, na mkoa uliokuwa Katanga ukaitwa Shaba na kurudi kuwa Katanga kabla ya kugawanywa mwaka 2015, ndipo Mkoa wa Tanganyika ukapatikana. Mpala penyewe wenyeji hupaita pia Lubanda, na mtafiti anayetafuta jina moja tu katika fahirisi hukosa nusu ya yaliyoandikwa. Katika kuandaa mswada kulikuwa na kishawishi cha kusahihisha majina hayo ili makala yote isomeke kwa jina moja la leo, na ndani ya matini jambo hilo linakubalika mradi lielezwe. Katika marejeo halikubaliki, kwa kuwa kichwa cha kitabu na mahali pa uchapishaji ni mambo yaliyochapwa, na maktaba imeyaorodhesha hivyohivyo. Tasnifu ya Allen F. Roberts kuhusu Watabwa wa kando ya ziwa, iliyowasilishwa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1980 baada ya utafiti wa miaka ya 1970, ina neno Zaire katika kichwa chake, na anayelibadilisha kuwa Kongo ametunga kitabu ambacho hakuna maktaba inacho. Majarida nayo yalibadili majina pamoja na nchi: Congo-Afrique la Kinshasa liliitwa Zaïre-Afrique katika enzi ya Zaire, na makala ya enzi hiyo hutajwa kwa jina la enzi hiyo.

Hapa kuna badiliko la karibuni linalopaswa kuangaliwa na watafiti wa Afrika ya Kati kwa jicho lao wenyewe. Toleo la saba la mwongozo wa wanasaikolojia wa Marekani limeondoa mahali pa uchapishaji katika marejeo ya vitabu, na toleo la 18 la mwongozo wa Chicago, lililotoka mwaka 2024, nalo halilazimishi tena kupataja, kwa hoja kwamba mchapishaji wa leo ana ofisi katika nchi nyingi na kitabu chake hununuliwa kwa intaneti. Hoja hiyo ni sahihi kwa mashirika makubwa ya Ulaya na Marekani, lakini kijitabu kilichochapwa Elisabethville na misheni, chama au kiwanda kidogo cha chapa, mara nyingi bila jina la mchapishaji linalotambulika, hakina dalili nyingine ya asili yake isipokuwa jina la mji. Mwandishi wa mswada aliona ni busara kuuliza mhariri, kwa barua fupi na yenye adabu, kama mahali pa uchapishaji pangeruhusiwa kubaki kwa vitabu vya Kongo vya kabla ya 1980, na ruhusa ikatolewa bila ubishi. Inafaa kukumbuka kwamba mwongozo wa jarida ni makubaliano kati ya watu, na mhariri anayeelezwa sababu huwa tayari kukubali tofauti ndogo kuliko mwandishi anavyodhani. Asichokubali ni tofauti isiyoelezwa, hasa ikiwa kila ukurasa una tofauti yake.

Vitabu vyenye wachangiaji wengi vilileta swali la nani atajwe. Sura ya Roberts kuhusu kile kilichoitwa ufalme wa Kikristo wa kusini-mashariki mwa Zaire, ambayo ni muhimu kwa yeyote anayeandika juu ya Mpala, imo ndani ya kitabu kilichohaririwa na Leroy Vail na kuchapishwa mwaka 1989, na kanuni inataka mwenye sura atangulie, kisha kichwa cha sura, kisha kitabu na mhariri wake, pamoja na kurasa za sura. Kanuni hiyo ni nyepesi pale ambapo mwandishi na mhariri wote wanajulikana. Ni nzito pale mhariri alipomfunika mwandishi. Mwaka 1965 watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumba za Wazungu walitoa Elisabethville maandishi ya Kiswahili kuhusu historia ya mji wao, yaliyobeba jina la André Yav, na mwaka 1990 Johannes Fabian aliyachapisha pamoja na tafsiri na ufafanuzi. Anayenukuu maneno ya Yav na kuweka katika mabano jina la Fabian peke yake hajavunja kanuni ya orodha za maktaba, lakini amemwondoa msemaji katika maneno yake. Katika hali kama hiyo rejeo linapaswa kuanza na Yav na mwaka 1965, kisha lieleze kwamba maandishi yamo katika kitabu cha Fabian cha 1990, na msomaji atafika palepale bila mtu yeyote kunyimwa haki yake.

Nyaraka zisizochapwa zina taratibu zake, na katika historia ya Mpala ndizo nyingi. Kardinali Lavigerie, mwasisi wa Mapadri Weupe, aliagiza kila kituo kiwe na shajara ya matukio ya kila siku, na dondoo za shajara hizo zilichapwa katika taarifa ya robo mwaka ya shirika, Chronique trimestrielle. Vyanzo hivyo viwili vinafanana na vinatofautiana: shajara iliandikwa kituoni kwa matumizi ya ndani, na dondoo lilipita mikononi mwa mhariri aliyelenga wasomaji na wafadhili wa Ulaya. Mtafiti aliyesoma dondoo hana ruhusa ya kutaja shajara, hata kama dondoo linasema limetoka humo, kwa sababu hajui kilichoachwa. Anapaswa kutaja kile alichokiona kwa macho yake. Rejeo la waraka wa hifadhi huwa na aina ya waraka, mwandishi ikiwa anajulikana, tarehe ya ingizo, namba ya jalada au sanduku, jina la mkusanyiko, hifadhi na mji, na miongozo mingi huomba hifadhi ziorodheshwe peke yake kabla ya vitabu. Namba ya jalada ndiyo hukosekana mara nyingi zaidi, kwa maana nakala ya picha iliyopitia mikono kadhaa humfikia mtafiti wa Kalemie ikiwa imekatwa pembeni na bila ukurasa wa jalada. Pale inapokosekana, uungwana wa kitaaluma unadai isemwe kwamba chanzo kimesomwa kwa nakala, na nakala hiyo iko wapi, badala ya kuazima namba kutoka katika tanbihi ya mtu mwingine na kujionyesha umefika Roma.

Sehemu iliyohitaji fikra nyingi kuliko zote ilikuwa masimulizi ya wazee. Mwongozo wa mwandishi na mwaka uliotakiwa na jarida unayaweka mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata katika kundi la mawasiliano binafsi, pamoja na simu na barua pepe, na kuagiza yatajwe katika mabano tu bila kuingizwa katika orodha ya mwisho. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa orodha ni ya vitu vinavyoweza kutafutwa, lakini matokeo yake kwa Mpala ni kwamba luteni aliyekaa huko kwa miaka michache ana mkusanyiko wenye jina lake katika orodha, na ukoo uliohifadhi habari zilezile kwa vizazi vinne hauna mstari hata mmoja. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu mapokeo simulizi, alionyesha kwamba masimulizi yanaweza kupimwa kwa mbinu za kihistoria sawa na waraka, mradi mnyororo wa wasimulizi ufuatiliwe. Na wanazuoni wa Kiislamu wa pwani walikuwa na isnadi, yaani orodha ya waliopokezana habari, karne nyingi kabla ya majarida. Nchini Kanada, Lorisia MacLeod alichapisha mwaka 2021 violezo vya kuwataja wazee wa jamii za asili ndani ya orodha ya marejeo kama watajwavyo waandishi wengine, na maktaba mbalimbali zimevipokea.

Kwa kufuata mwelekeo huo, mswada uliwasilishwa ukiwa na sehemu ya masimulizi ndani ya orodha, ambamo kila ingizo lilikuwa na jina la msimulizi kama yeye mwenyewe alivyotaka liandikwe, ukoo au wadhifa ikiwa alikubali utajwe, mada ya simulizi, lugha iliyotumika, iwe Kitabwa au Kiswahili, kijiji, tarehe, mahali msimulizi alikolisikia, na mahali sauti au daftari lilipohifadhiwa. Wazee walioulizwa kama majina yao yatajwe hawakujibu kwa namna moja: baadhi waliona ni haki yao na wakasahihisha tahajia, wengine walipendelea litajwe jina la ukoo kwa kuwa habari si mali ya mtu mmoja, na wengine hawakutaka kutajwa kabisa, hasa pale simulizi lilipogusa mashauri ya ardhi na uchifu ambayo bado ni hai. Mahitaji hayo matatu yote yanaweza kutimizwa na rejeo lililoandikwa kwa makini, na la tatu hutimizwa kwa kificho kinachoeleweka, kama vile mzee wa kike wa Mpala, rejeo likiwa na tarehe lakini bila jina. Wahakiki hawakuipinga sehemu hiyo. Walichouliza ni kama rekodi zenyewe zinaweza kusikilizwa na mtafiti mwingine, swali ambalo lilikuwa halali na lilionyesha kwamba rejeo la simulizi lina nguvu ikiwa kuna mahali pa kulipata, hata kama ni kabati la parokia au la chuo kikuu.

Kuhusu zana, maneno machache yanatosha. Programu za kusimamia marejeo, kama Zotero iliyotolewa kwanza mwaka 2006 na ambayo haina malipo, hubadilisha orodha nzima kutoka mtindo mmoja hadi mwingine kwa muda mfupi, na hufanya kazi kwenye kompyuta hata mtandao unapokatika. Namba ya utambulisho wa kidijitali, maarufu kwa ufupisho wa DOI, humfikisha msomaji kwenye makala hata kama tovuti ya jarida imehama. Lakini programu hupanga kile ilichopewa, na ikipewa jina la Ndaywel kwa mpangilio mbaya italirudia kosa hilo katika kila makala. Programu za akili unde zimeongeza hatari nyingine, kwa kuwa zinaweza kutunga rejeo lenye mwandishi wa kweli, jarida la kweli na makala isiyokuwepo, na kwa historia ya mahali padogo kama Mpala, ambapo wahakiki wachache wanajua vyanzo vyote, uzushi wa aina hiyo unaweza kupita na kunukuliwa na wengine. Hakuna njia ya mkato dhidi ya jambo hilo isipokuwa kila mstari wa orodha ulinganishwe na chanzo chenyewe kabla mswada haujatumwa.

Jambo moja lilibaki ambalo hakuna mtindo unaolitatua. Lusinga, ambaye kifo chake kimeandikiwa kurasa nyingi, kikiwemo kitabu cha Roberts cha mwaka 2013, A Dance of Assassins, huingia katika marejeo kama mada ya kitabu au kama maelezo ya kitu cha makumbusho, kamwe si kama mwandishi, na mswada wa mtu mmoja hauwezi kugeuza majina ya makusanyo ya Tervuren. Unachoweza kufanya ni kusema wazi, katika kila rejeo la sanamu au fuvu, kitu hicho kilitoka kwa nani, wapi na kwa njia gani, badala ya kuandika tu jina la aliyekipeleka Ulaya; maelezo hayo hayazidi mstari mmoja na hakuna mwongozo unaoyakataza.

Kutokana na yote hayo, anayeandaa mswada kuhusu Mpala, Moba, Kalemie au mji wowote wenye historia kama hiyo anaweza kujiwekea kipimo rahisi kabla ya kuutuma. Ampe orodha yake mwanafunzi asiyeijua mada, amchagulie kitabu kimoja, waraka mmoja wa hifadhi na simulizi moja, kisha amwombe aeleze angevitafuta wapi na ni nani anayesema ndani yake. Mwanafunzi akikwama, mwandishi arudi kwenye mstari huo na kuongeza kilichokosekana, kisha ndipo ashughulikie nukta na mkato ambavyo jarida limeagiza. Na vyuo vikuu vya Kalemie na Lubumbashi, ambavyo wanafunzi wake kila mwaka huhoji wazee na kuacha madaftari hayo yakipotea baada ya mtihani, vingepata faida kubwa kwa kukubaliana juu ya namna moja ya kutaja masimulizi na mahali pamoja pa kuyahifadhi, ili mtafiti wa kizazi kijacho anayeandika rejeo la mzee wa Mpala awe na namba ya kabati ya kuweka mwishoni mwa mstari.